Njia Inayopita Katikati ya Shamba la Mtu

Kwa sisi tuliozaliwa jirani na ikweta, alfajiri ni kitu kifupi. Mwadhini anaadhini kungali giza, unatawadha, unaswali, na ukitoka nje kuchukua jembe au kuwasha pikipiki tayari kumekucha. Kaskazini mwa Uingereza mwezi wa Juni mambo ni mengine kabisa. Jua linazama karibu saa tatu na nusu usiku, na kabla ya saa kumi na moja alfajiri limeshachomoza tena. Hapo katikati giza halikolei. Upande wa kaskazini anga hubaki na weupe fulani usiku kucha, na ndiyo maana ratiba za misikiti ya huko hutofautiana juu ya wakati hasa Alfajiri inapoingia. Nilikuwa nikifuata ratiba ya msikiti mmoja wa Sheffield. Nikishaswali, usingizi haurudi: dirisha limejaa mwanga, na ndege wanaimba kwa nguvu ambayo sikuitarajia katika nchi ya baridi. Basi nikawa natoka kutembea.

Nilikuwa huko kwa kozi fupi ya ramani na kumbukumbu za ardhi. Mimi ni mpima ardhi. Nilizaliwa milimani Lushoto na kazi yangu nyingi ni vijiji vya pwani ya Tanga. Binti wa shangazi yangu, ambaye ni muuguzi na ameishi Sheffield miaka mingi, aliniambia siwezi kurudi nyumbani nikiwa nimeona madarasa na maduka tu. Akatupangia nyumba ya wageni mwisho wa wiki huko Edale, kijiji kidogo kilichojibanza kwenye bonde la milima ya Peak District. Treni ya kwenda Manchester inasimama pale. Stesheni yake ni ya mwaka 1894. Unashuka, unaona nyumba za mawe, kanisa, kijito, na pande zote mbili milima ya kijani yenye kilele cha rangi ya kahawia.

Jioni ya kwanza nilipomwambia dada kwamba nitatoka alfajiri kupita mashambani, alishtuka.

"Kaka, hapa si Lushoto. Wewe mtu mweusi, peke yako, saa kumi na moja alfajiri, umesimama katikati ya shamba la mtu. Akitokea mwenyewe utamwambia nini?"

"Nitamwambia napita, dada."

"Hapa watu hawapiti. Hapa kila kitu kina mwenyewe."

Nilimwelewa. Dada ni mkubwa wangu na amekutana na mengi katika nchi ile ambayo mimi mgeni wa majuma machache siyajui. Lakini mama mwenye nyumba, mzee wa nywele nyeupe, alikuwa amesikia sauti zetu zikipanda ingawa hakuelewa maneno. Aliuliza kuna nini. Dada alipomweleza, hakusema neno. Alikwenda kwenye rafu, akaleta ramani kubwa ya karatasi iliyochakaa kwenye mikunjo, akaitandaza mezani juu ya vikombe vya chai.

Lazima nieleze ramani hiyo, kwa sababu kwangu mimi ilikuwa nusu ya safari. Inatolewa na Ordnance Survey, taasisi ya upimaji ya Uingereza iliyoanza mwaka 1791, kwa kipimo cha 1:25,000. Kwa kipimo hicho kila ukuta wa shamba unaonekana, kila kijito, kila ghala. Juu ya hayo yote kuna vistari vya kijani vilivyokatika-katika, vinakwenda kama mishono: vinakatiza mashamba, vinapita uani mwa nyumba, vinavuka reli. Vistari vifupi ni njia ya watembea kwa miguu. Vistari virefu ni njia ambayo hata mpanda farasi anaruhusiwa. Mama yule aliweka kidole kwenye mstari mmoja unaotoka kijijini kwenda kitongoji cha Upper Booth, akasema kwamba ardhi ile ina mwenyewe, nyasi zina mwenyewe, kondoo wana mwenyewe, lakini mstari ule si wake wala wa mwenye shamba. Ni wa yeyote mwenye miguu. Kisha akamtazama dada, akasema, "Na wewe pia."

Dada alinyamaza kidogo. Miaka yote aliyoishi nusu saa na ushei kutoka pale, hakuwahi kuiacha barabara ya lami.

Asubuhi iliyofuata nilitoka peke yangu. Baridi ilikuwa ya kuvaa koti, ukungu umelala bondeni juu ya mto Noe, na milima imesimama juu ya ukungu ikiwa wazi kabisa. Nilipopita nyumba ya mwisho nikakuta kibao cha mbao chenye mshale wa njano, na geti dogo la chuma linaloruhusu mtu mmoja apite huku likimzuia kondoo. Mbele yake shamba la nyasi lililojaa umande. Hapo ndipo nilipoona kitu ambacho sijakisahau. Nyasi zote zilikuwa na rangi ya fedha kwa umande, isipokuwa mstari mmoja mwembamba, wa kijani iliyokoza, ulionyooka kuelekea geti lililo upande wa pili. Kuna mtu, au sungura, au mbwa wa mtu, aliyekuwa amepita kabla yangu. Njia ilikuwa imejiandika yenyewe juu ya majani.

Nilisimama pale muda mrefu. Nimefanya kazi ya kupima kwa miaka, na sikumbuki kuona njia ikiwa wazi namna ile. Saa mbili baadaye jua lingekausha umande, na mtu angeona shamba la nyasi tu, kijani moja kila upande.

Kwenye miteremko majike ya kondoo walikuwa na wanao, kila mmoja amepakwa rangi ya mwenyewe mgongoni. Miti ya miiba ilikuwa imechanua maua meupe hadi matawi yanainama. Kuta za mashamba ni za mawe yaliyopangwa bila udongo wala saruji: kuta mbili zinazoegemeana, katikati zimejazwa vijiwe, na hapa na pale jiwe refu limepenya upande hadi upande kuzifunga pamoja. Mahali njia inapokutana na ukuta, fundi wa zamani aliacha mawe matatu au manne yakitokeza nje kama ngazi. Unapanda, unavuka, unashuka upande wa pili. Hilo lilinigusa sana. Aliyejenga ukuta alikuwa akizuia mifugo yake isitoroke, lakini tangu jiwe la msingi alijua kuna watu watakaopita, akawawekea pa kukanyaga.

Huko juu nilimsikia ndege ambaye sauti yake ni jina lake kwa Kiingereza. Sisi tunamwita kekeo. Aliita mara kadhaa kutoka kwenye miti ya bondeni, kisha akanyamaza. Ndege huyu hutaga kwenye viota vya wengine, na makinda yake hayawajui wazazi. Tangu mwaka 2011 watafiti wa Uingereza wamekuwa wakiwafunga baadhi yao vifaa vidogo vya satelaiti, na wamewafuata wakivuka Sahara hadi misitu ya Kongo. Wakubwa huanza kuondoka Juni hiyohiyo. Makinda hubaki yakilishwa na wazazi wa kambo, kisha huondoka yenyewe, bila wa kuyaonyesha njia, na yanafika. Yule niliyemsikia mimi hukaa Uingereza sehemu ndogo tu ya mwaka. Nilipata faraja kujua kwamba katika bonde lile sikuwa peke yangu niliyetoka Afrika.

Karibu na Upper Booth njia inapita katikati ya mji wa mkulima, kati ya ghala na nyumba. Hapa nakiri moyo ulidunda, kwa sababu maneno ya dada yalinirudia yote. Mbwa alibweka. Mzee mmoja akatokea amepanda pikipiki ya magurudumu manne, amevaa buti za mpira hadi magotini. Alizima injini. Nikamsalimia kwanza, kama tulivyolelewa, maana mgeni ndiye mwenye wajibu wa kujulisha kuwa amekuja kwa amani. Aliitikia, akanitazama viatu, akasema hivyo havitafaa huko juu, kuna tope. Kisha akaniuliza nimetoka wapi. Nilipomwambia Tanzania, aliuliza mvua kwetu zikoje. Tukazungumza mvua. Mkulima wa popote ukimzungumzisha mvua hamalizi.

Nilimuuliza kama haimkeri watu kumpitia mlangoni mwaka mzima. Alifikiri. Alisema yapo yanayomkera: mbwa wanaofunguliwa kamba wakati kondoo wana watoto wachanga, na watu wanaoacha mageti wazi. Geti uliache kama ulivyolikuta, akasema. Ukilikuta limefungwa, lifunge, ukilikuta wazi, liache wazi, maana huenda kondoo wanalifuata kwenda kwenye maji. Lakini njia yenyewe? Njia ilikuwepo kabla yake, na kabla ya baba yake. Alisema hivyo bila kinyongo wala fahari yoyote. Akawasha injini yake akaenda zake.

Nikaendelea hadi daraja dogo la mawe ambalo zamani lilipitisha farasi wa mizigo, chini ya mteremko uitwao Jacob's Ladder. Inasemwa kwamba mkulima mmoja wa karne ya 18, Jacob Marshall, ndiye aliyechonga ngazi pale, ili yeye apande moja kwa moja huku farasi wake akizunguka polepole. Kutoka hapo unafika kwenye uwanda wa Kinder Scout, wenye kilele cha mita 636. Juu ni nchi nyingine: udongo mweusi wa mboji, nyasi zenye vishada vyeupe kama pamba, upepo. Sululu mmoja, yule ndege mwenye mdomo mrefu uliopinda chini, alipita akilia kilio kirefu cha kupanda. Wavuvi wetu wa Tanga huwaona ndege wa jamii yake maji yakitoka, wakichokoa tope la ufukoni.

Sasa, mtu anaweza kudhani Waingereza walizaliwa na uungwana huu wa kupisha wapita njia. Sivyo. Uwanda ule wa Kinder ulikuwa umefungwa. Wenye ardhi waliutunza kwa ajili ya kuwinda ndege siku chache za mwaka, na walinzi wenye fimbo waliwafukuza wengine. Wakati huohuo, chini yake upande wa magharibi na mashariki, Manchester na Sheffield zilijaa wafanyakazi wa viwanda ambao wiki nzima walivuta moshi, na Jumapili walitaka hewa. Tarehe 24 Aprili 1932 mamia ya vijana hao waliondoka kijiji cha Hayfield wakapanda Kinder kwa makusudi bila ruhusa. Kiongozi wao mmoja, Benny Rothman, alikuwa na umri wa miaka 20. Kukatokea purukushani na walinzi, na vijana watano wakafungwa jela, vifungo vya kuanzia miezi miwili hadi sita.

Mwaka 1949 Bunge lilipitisha sheria ya hifadhi za taifa na ya watu kufika mashambani. Peak District ikawa hifadhi ya kwanza, mwaka 1951. Kwa mpima ardhi, sehemu tamu ya sheria hiyo haipo kwenye hifadhi. Ipo kwenye agizo kwamba mabaraza ya kaunti za England na Wales yafanye upimaji wa njia za umma na kuzichora. Kazi kubwa ilifanywa na mabaraza ya vijiji: watu walizipita njia zao kwa miguu, wakaandika inaanzia wapi, ina geti gani, nani anaikumbuka. Njia ikishaingia kwenye ramani hiyo rasmi, ramani ni ushahidi tosha mbele ya mahakama. Kuna pia kanuni, iliyomo katika sheria ya barabara ya mwaka 1980, kwamba watu wakipita mahali kama wenye haki na bila kuzuiwa kwa miaka 20, huchukuliwa kuwa mwenye ardhi ameitoa njia hiyo kwa umma, isipokuwa akithibitisha kwamba hakukusudia. Na mkulima anayelazimika kulima juu ya njia inayokatiza shamba lake ana muda usiozidi siku 14 wa kuirudisha ipitike.

Sisemi wamemaliza. Haki ya kutembea nje ya njia, popote upendapo, iliyokuja na sheria ya mwaka 2000, inagusa takriban asilimia 8 tu ya England. Na mwaka 2020 chama cha watembeaji, The Ramblers, kilipowaalika watu walinganishe ramani za kale na za sasa, zilionekana zaidi ya maili 49,000 za njia zilizokuwa kwenye ramani za zamani na hazimo kwenye kumbukumbu rasmi. Zile ambazo miaka ya hamsini hakuna aliyejisumbua kuziandika, zililimwa, zikajengewa, zikapotea.

Niliporudi nilimkuta dada amekaa dirishani na simu mkononi. Nilimweleza kila kitu, tangu umande hadi buti za yule mzee. Kesho yake, kabla sijamaliza kukunja mkeka wa kuswalia, nilisikia mlango wake ukifunguliwa. Alikuwa amevaa viatu vya kazini, vile vya hospitali. Tukatoka pamoja. Kwenye geti la kwanza alisimama akasoma kibao, akashika mshale wa njano kwa kidole, akapita. Hakusema kitu mpaka tulipokuwa katikati ya shamba, nyuma yetu mistari miwili ya kijani kwenye umande.

"Kumbe ilikuwa hapa wakati wote," alisema.

Alilia kidogo. Sikumuuliza. Mtu akiishi ugenini miaka mingi akitembea pembezoni mwa kila kitu, ana yake moyoni.

Nimeandika haya yote kwa sababu ya kazi yangu, maana huko pwani tunapoteza njia kwa kasi inayoniuma. Sheria yetu ya Ardhi ya mwaka 1999 inazitambua haki za njia za umma. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka huohuo inampa mwanakijiji hakimiliki ya kimila. Lakini njia ya miguu haina hati wala haina mtu wa kuja ofisini kuidai. Kinachotokea ni hiki: shamba la minazi linagawanywa viwanja, mpima anafika na vifaa vyake saa nne asubuhi, anapanda bikoni, yaani alama za mpaka, kwenye kona, mnunuzi anajenga ukuta. Hakuna aliyekusudia ubaya. Siku ya pili kina mama waliozoea kushuka ufukoni kutanda uduvi wanakuta tofali. Watoto wa shule wanazunguka barabara kuu, kwenye malori. Mzee anayekwenda msikitini anaanza kuswalia nyumbani.

Saa nne ndiyo kiini chake. Njia za vijijini zinaishi alfajiri. Wachota maji, wavuvi wanaorudi, watoto, wagema, wote wamepita kabla jua halijawa kali. Ukifika na vifaa saa nne unaona ardhi tupu na vichaka, na wenyeji waliokaa barazani hawatakwambia habari ya njia kwa sababu hawajui kwamba ni jambo la kusema. Nani anayemweleza mgeni kwamba watu hupita?

Siku hizi naomba kulala kijijini usiku wa kuamkia upimaji. Katika kijiji kimoja nilimuuliza bibi mmoja, mtanda uduvi wa miaka mingi, kama naweza kumfuata.

"Shikamoo, bibi. Kesho nataka unionyeshe njia ya ufukoni."

"Marahaba, mjukuu wangu. Njia utaiona mwenyewe, ila uwahi. Mimi siwasubiri wenye saa."

Tulitoka kungali kiza. Alitangulia na ndoo kichwani, mimi nyuma na kifaa cha kupimia mahali kila nukta ilipo, na kila tulipovuka mpaka wa shamba la mtu alinitajia ni la nani, nani alimrithi nani, na wapi zamani palikuwa na mwembe wa kupumzikia. Kutoka kisimani hadi kwenye mchanga, wanawake waliotupita au kukutana nasi walikuwa wengi kuliko nilivyoweza kufuatilia kwa kalamu. Mwenyekiti wa kijiji, niliyemwalika, alistaajabu. Amezaliwa pale, lakini ni mwanamume mwenye duka, na duka hufunguliwa saa moja na nusu.

Mchoro sasa umepelekwa kwa ajili ya mkutano mkuu wa kijiji ukiwa na njia hiyo, upana wa mita mbili, imeandikwa kwa rangi yake. Wenye mashamba karibu wote wamekubali kuacha nafasi. Mmoja, anayeishi mjini, bado; anasema hajawahi kuona njia yoyote kwenye kiwanja chake, na naamini anasema kweli kwa saa ambazo huwa anafika. Amekubali kuja baada ya Idi tukitembelee pamoja. Nimemwomba alale kijijini, na bibi amesema atampitia.